Jinsi Ngozi Inavyohisi (2): Ncha za Mishipa ya Fahamu

Juma lililopita tulieleza tabaka za ngozi. Leo tutazame ncha za mishipa ya fahamu zilizomo ndani yake.

Mwombe mwenzako afumbe macho. Shika vijiti viwili vya kuchokolea meno, viachane kwa milimita 5, umguse navyo kwa pamoja kwenye ncha ya kidole. Atasema ni viwili. Mguse vivyo hivyo mgongoni, naye atashikilia kuwa ni kimoja. Mjerumani Ernst Weber aliandika juu ya jambo hili mwaka 1834. Vipokezi vya mguso vimesongamana vidoleni, ila mgongoni vimetawanyika, na ubongo nao umevipa vidole nafasi kubwa zaidi.

Vipokezi hivyo si vya aina moja. Vya Meissner, vilivyo karibu na uso wa ngozi, hutambua mguso mwepesi na kitu kinachoanza kuteleza, ndiyo maana glasi ikitaka kukuponyoka unaikaza kabla hujafikiri. Vya Merkel hutambua kingo na vinundu vidogo. Asiyeona anavitegemea mno asomapo nukta za Braille. Vya Pacini vimezama chini kabisa, vina urefu wa takriban milimita 1, tabaka juu ya tabaka kama kitunguu, navyo hunasa mtetemo.

Maumivu na joto hupokelewa na ncha tupu, zisizo na kifuniko chochote. Humo mna protini inayoamshwa na joto la kuunguza, kuanzia nyuzi 43 hivi za Selsiasi. Kapsaisini ya pilipili huiamsha protini hiyohiyo, ndiyo maana mlaji huhisi anaungua ilhali hakuna moto. David Julius, aliyeigundua, alipata Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2021 pamoja na Ardem Patapoutian, aliyegundua protini za mguso.

Wengi huyaona maumivu kuwa adui. Mimi nayahesabu kuwa mlinzi, kwani ukoma na kisukari vinapoharibu mishipa hii, mtu hukanyaga msumari asijue, kidonda kikaoza bila kumuuma. Wewe mwenye kisukari, kagua nyayo zako kila jioni, hata katikati ya vidole. Ukiona lengelenge au mchubuko, nenda kituo cha afya mapema, hata kama husikii maumivu.

Itaendelea.