Maria wa Sambizanga: Mahaba Yaliyokwenda kwa Miguu

Picha za sinema zinazohadithia mahaba katika zama za vita aghalabu huyaweka mapenzi upande mmoja na wajibu upande wa pili, kisha humlazimisha shujaa achague. Mfano mashuhuri ni Casablanca, iliyotengenezwa Marekani mwaka 1942 na kuongozwa na Michael Curtiz: Rick anampenda Ilsa, Ilsa ni mke wa Laszlo, Laszlo ni mpigania uhuru anayewindwa na Wanazi, na hadithi haitulii ila pale Rick anapomwachia mwanamke huyo aende zake na mumewe. Ni kazi ya ustadi, na machozi inayowatoa watu si ya bure. Lakini mtazamaji wa Afrika hakosi kuona kwamba katika mji huo wa Morocco, uliokuwa chini ya himaya ya Wafaransa, uhuru unaozungumzwa ni wa wageni, na wenyeji wamewekwa kando kama pambo la ukutani.

Miaka thelathini baadaye, mwaka 1972, mwanamke aitwaye Sarah Maldoror alitoa picha inayoukataa mgawanyo huo tangu mwanzo hata mwisho. Aliipa jina la Sambizanga, mtaa wa makabwela mjini Luanda, Angola. Domingos Xavier, dereva wa trekta penye ujenzi wa bwawa, anakamatwa alfajiri na watu wa PIDE, polisi wa siri wa dola ya Kireno, anapigwa mbele ya mkewe na kutupwa ndani ya gari. Maria, mkewe, anamfunga mtoto mgongoni na kushika njia kwenda kumtafuta.

Mwendo huo ndio roho ya hadithi, na mwongozaji hakuuharakisha. Tunamwona Maria barabarani, vumbi miguuni, akipita vijiji na vilima. Tunamwona akiingia kituo hiki na kile cha serikali kuuliza jambo moja tu, mume wangu yuko wapi, na kila mlango ukimpa jawabu tofauti: hayupo hapa, nenda kule, rudi kesho. Jeuri ya PIDE ilisimama juu ya siri. Ilitaka mtu akishachukuliwa awe kana kwamba hakuzaliwa, asiwe na wa kumuulizia wala wa kumtaja. Kwa hiyo mke anayekataa kurudi nyumbani, anayelitamka jina la mumewe mbele ya karani na askari hata wakachoka kumfukuza, anaibomoa siri hiyo kwa mikono yake mitupu, ijapokuwa habari za chama alichokitumikia mumewe kwa faragha hazijui hata kidogo. Hapa mapenzi hayangoji vita viishe, wala hayatolewi kafara ili ushindi upatikane. Yenyewe ndiyo upinzani.

Wakati Maria anamtafuta mumewe, kuna wengine mjini wanaomtafuta mtu huyo huyo. Mtoto wa kiume na babu yake wanaliangalia gereza na kumwona mfungwa mgeni akiingizwa. Habari inatoka kwao, inapita kwa kijana mmoja hadi kwa fundi cherehani aliye kiongozi wa siri wa chama hicho, na kila mmoja anauliza: ni nani huyu, katoka wapi, ana jamaa gani? Njia hizi mbili, ya mke na ya chama, zinakwenda sambamba bila kujuana, nami naona kwamba majonzi makubwa ya picha yamo katika kuchelewa kwao kukutana. Ndani ya gereza Domingos anatakiwa amtaje Mzungu wa pale bwawani aliye upande wao. Hamtaji. Anapigwa hata anakufa, na wafungwa wenzake ndio wanaomstahi kwa mikono ya upole, kama jamaa zake.

Maldoror alizaliwa Ufaransa mwaka 1929, baba yake akiwa mtu wa Guadeloupe; alijifunza sinema Moscow, kisha akawa msaidizi katika utengenezaji wa picha ya The Battle of Algiers. Hadithi ya Domingos aliitwaa katika kitabu cha José Luandino Vieira, mwandishi wa Angola aliyefungwa na Wareno miaka mingi, na mmoja wa waliomwandikia mchezo huo ni Mário Pinto de Andrade, kiongozi wa MPLA, chama kilichopigania uhuru wa Angola, mwandani wake na baba wa binti zake wawili. Kwa kuwa Angola ilikuwa vitani, walipiga picha Kongo-Brazzaville, na wengi wa waigizaji hawakuwa watu wa sinema bali watu wa harakati zenyewe. Elisa Andrade, aliyekuwa Maria, ni mwanamke wa Cape Verde.

Walikuwapo waliolalamika kwamba picha ni nzuri mno, na Maria ni mzuri mno, kwa habari ya mateso. Sikubaliani nao kabisa. Mkoloni alikwisha kuwaonyesha Waafrika kwa sura ya unyonge muda mrefu wa kutosha. Kumtazama mke wa dereva kwa makini na heshima, uso wake, kanga yake, mwanawe, ni kuukataa uwongo ule.

Hadithi inaishia karibu na tarehe 4 Februari 1961, siku magereza ya Luanda yaliposhambuliwa na vita vya ukombozi vikaanza. Walipoiigiza, uhuru wa tarehe 11 Novemba 1975 ulikuwa bado ni dua. Sisi hatukuwa mbali na dua hiyo: Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikaa Dar es Salaam, na silaha za MPLA zilipitia bandari yetu kwenda Zambia, hata mpaka wa mashariki wa Angola. Maldoror alifariki mwaka 2020, na mwaka uliofuata picha ikatolewa upya, imesafishwa, rangi zake zikiwa zimerejea. Wenye majumba ya sinema na matamasha yetu waitafute, maneno yake yafasiriwe kwa Kiswahili, na ionyeshwe Dar es Salaam, Unguja na Mombasa kwa bei ambayo dereva wa trekta na mkewe wanaweza kuilipa.