Je, Wajua? Kisukari Hupenda Mjini

Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulilinganisha wakazi wa Dar es Salaam na wa vijijini mkoani Kilimanjaro. Mjini, takriban watu wazima 6 kati ya 100 walikuwa na kisukari. Vijijini hawakufika 2.

• Kabla ya kisukari kuna mlango. Kujua kama umeufikia, unakunywa maji yenye gramu 75 za glukosi, kisha damu inapimwa baada ya saa 2. Kipimo kikisoma kati ya milimoli 7.8 na 11.0 kwa lita, umesimama mlangoni. Kikifika 11.1, hicho ni kiwango cha kisukari.

• Mlango huo haubishi hodi. Wengi hawahisi dalili yoyote. Barani Afrika, zaidi ya nusu ya watu wazima wenye kisukari hawajui kwamba wanacho.

• Aliye mlangoni anaweza kurudi. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2002 ulionyesha kuwa kupunguza uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki kulishusha hatari ya kupata kisukari kwa asilimia 58. Mazoezi yenyewe? Hata kutembea kwa haraka.

Usingoje kuugua. Kapime sukari.