Kuunganisha Tafiti za Maelezo: Mfano wa Tohara Iringa na Nyanza

Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza tohara ya kitabibu mwaka 2007, majaribio ya Kisumu, Rakai na Orange Farm yalikuwa yameonyesha kuwa tohara hupunguza kwa takribani asilimia 60 uwezekano wa mwanamume kuambukizwa VVU na mwanamke. (Kinga hiyo si kamili, kondomu bado inahitajika.) Iringa na Mbeya zikawa miongoni mwa mikoa ya kipaumbele nchini Tanzania. Takwimu hizo, hata hivyo, hazielezi kwa nini watu wazima walisitasita kufika vituoni. Swali hilo ni la utafiti wa maelezo, unaosikiliza kauli za watu badala ya kuzihesabu.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliendesha majadiliano ya vikundi Iringa na Njombe. Wanaume wazima waliona aibu kuhudumiwa pamoja na wavulana wadogo, waliogopa maumivu, na walihofia kuwa wake zao wangetoka nje ya ndoa katika majuma ya kujizuia hadi kidonda kipone. Huko Nyanza, Kenya, utafiti wa mwaka 2011 ulikuta hofu ya kupoteza siku za kazi, na kipindi kile kile cha kujizuia kikitajwa tena.

Kuunganisha matokeo hayo si kupiga kura. Mwaka 1988 Noblit na Hare, wataalamu wa elimu wa Marekani, walieleza njia inayofanana na ukalimani: dhana ya utafiti mmoja hufasiriwa kwa dhana za mwingine, na tofauti zao huachwa zionekane. Tafiti hizi mbili zikisomwa hivyo, zinadokeza kwamba huduma inayomlenga mwanamume peke yake inagusa uamuzi wa watu wawili nyumbani. Hiyo ni tafsiri ya msomaji wa tafiti, si kauli ya mshiriki yeyote, na yapasa itajwe hivyo.

Hatari kubwa ni kupenda maneno mapana. Mwandishi akiita yote “vikwazo vya kijamii”, aibu ya Iringa na ujira wa Nyanza humezwa pamoja, na muuguzi wa Mbeya hajui abadili nini. Aibu ikibaki na jina lake, anaweza kuwatengea watu wazima siku yao. Kabla ya hapo, awaulize wateja wake mwenyewe kama aibu hiyo ipo Mbeya, kwa kuwa waliohojiwa walikuwa wa Iringa na Njombe.