Kesho Nitaandika: Mizizi ya Ndani ya Kuahirisha Kazi

Katika makala haya ninakusudia kueleza tabia tunayoifahamu sote lakini tunaihukumu vibaya, yaani kuahirisha kazi hadi dakika za mwisho. Tukiona kazi haijafanywa husema, "Huyu ni mvivu," kisha tunamtajia methali ya ngoja ngoja huumiza matumbo. Nami nilikuwa mmoja wa wasemaji hao hadi nilipokwenda kukagua mazoezi ya kufundisha huko Budondo, kaskazini ya mji wa Jinja.

Mwanafunzi niliyemkagua husomea Kiswahili na Jiografia. Maandalio yake ya Jiografia yalikuwa kamili kwa wiki mbili. La Kiswahili halikuwapo hata moja. Nilipomuuliza jioni iliyopita alifanya nini, alijibu kwamba alifua, akateka maji, akapalilia mahindi ya mama mwenye nyumba, kisha akachora ramani kwa rangi tatu. Sasa mvivu gani hupalilia shamba la mwenzake jua likizama?

Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Mwalimu, darasani kuna mtoto wa mwanajeshi aliyekulia kambini. Kiswahili kwake ni kama maji. Nikikwama katikati ya sentensi, darasa zima litacheka."

Wanasaikolojia Fuschia Sirois na Timothy Pychyl walieleza mwaka 2013 kwamba anayeahirisha kazi hukimbia hasa hisia mbaya inayoandamana nayo: hofu, aibu, kuchoshwa au kujitilia shaka. Akiiweka kazi kando, moyo hutulia papo hapo. Utulivu huo ndio ujira wake, na kwa kuwa ameupata bila jasho, kesho ataufuata tena. Kazi hubaki palepale, ila sasa imeongezewa hatia ya jana.

Ipo sababu iliyojificha zaidi. Hii naijua kwa sababu mimi mwenyewe niliikalia sura ya pili ya tasnifu yangu ya uzamili kwa miezi saba. Anayeandika usiku wa mwisho akapata alama ndogo ana la kujitetea: muda haukutosha. Aliyeandika mapema kwa nguvu zake zote akashindwa, atasema nini? Kwa kuchelewa, tunaukinga uwezo wetu usipimwe. Ndiyo maana miongoni mwa wanaochelewa wamo wanafunzi wetu hodari, wale wanaotaka kila sentensi iwe safi tangu mwanzo.

Kwetu Uganda aibu hii ina historia. Wengi walikisikia Kiswahili kwanza kwa askari, na waliopitia enzi ya Idi Amin, aliyekitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, walikisikia kama lugha ya amri. Hata serikali ilisitasita: Katiba iliporekebishwa mwaka 2005 Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya pili, lakini Baraza la Mawaziri lilipitisha uamuzi wa kukitekeleza mwezi Julai 2022. Sidhani kwamba miaka 17 ilimezwa na uhaba wa vitabu na fedha peke yake. Mwanafunzi wetu ametoka katika jamii hiyo, na tangu mtaala mpya wa sekondari ulipoanza mwaka 2020 Kiswahili ni lazima katika kidato cha kwanza na cha pili. Anaingia darasani na hofu aliyorithi.

Je, kumkaripia kunafaa? Mwaka 2010 Michael Wohl, Timothy Pychyl na Shannon Bennett walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa chuo kikuu nchini Kanada. Wale waliojisamehe kwa kuahirisha kusoma kabla ya mtihani wa kwanza waliahirisha kidogo zaidi kabla ya mtihani wa pili. Nilipousoma niliifikiria kalamu yangu nyekundu.

Siku ile Budondo niliiacha mkobani. Nilimwomba aandike andalio la ukurasa mmoja mbele yangu, baya apendavyo. Lilimchukua dakika 25. Darasani alimpa mtoto yule kazi ya kuanzisha mazungumzo. Mtoto akasema "kitabu yangu" bila kusita hata kidogo, wenzake wakamwelewa, na mwalimu wake akageuka akaandika ubaoni: kitabu changu.