Wamzabi wa Bonde la Mzab

Bonde la Mzab liko kaskazini mwa Jangwa la Sahara, kiasi cha kilomita 600 kusini mwa Algiers, mji mkuu wa Aljeria. Ni korongo refu katikati ya uwanda wa mawe matupu, na mto uliolichimba huwa mkavu karibu mwaka mzima. Miezi ya joto hupita nyuzi 40, na mvua ni ya kubahatisha. Wamzabi hawakuja hapo kwa sababu pana neema. Walikuja kwa sababu hapakuwa na mfalme aliyepatamani, na sehemu kubwa ya mila zao inatokana na uamuzi huo.

Wamzabi ni Waberberi. Lugha yao ni Tumzabt, na madhehebu yao ni Ibadhi, yale yale ya Waomani wengi na ya masultani waliotawala Zanzibar. Mababu zao walikuwa raia wa dola ya Warustamidi, iliyoasisiwa na Abd al-Rahman ibn Rustam katika karne ya 8, makao yake yakiwa Tahert, kaskazini mwa Aljeria ya leo. Mwaka 909 Wafatimi waliiangusha Tahert. Waibadhi wakakimbilia jangwani, kwanza Sedrata karibu na Ouargla, kisha Mzab. Mji wao wa kwanza bondeni, El Atteuf, ulijengwa mwanzoni mwa karne ya 11. Ikafuata Bou Noura, Ghardaïa, Melika na Beni Isguen, kila mmoja juu ya kilima chake. Tangu mwaka 1982 bonde lote limo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Miji hii ilijengwa na watu waliokwisha kufukuzwa mara moja. Msikiti unakaa kileleni, na zamani ulikuwa pia ngome na ghala la nafaka na silaha. Mnara wake, mpana chini na mwembamba juu, ulitumika kwa adhana na kwa ulinzi. Nyumba zinaushuka mlima kwa mizunguko hadi kwenye kuta za mji. Soko liko chini, karibu na lango, ili mgeni afanye biashara yake bila kupenya kwenye vichochoro vya watu. Beni Isguen ilikuwa kali zaidi kuliko miji mingine: mgeni hakuruhusiwa kulala ndani, na hadi leo mtalii huingia akiongozana na mwenyeji na kukatazwa kupiga picha za watu. Katika uwanja wa soko lake bidhaa huuzwa kwa mnada alasiri. Wanunuzi hukaa kandokando, na madalali huzunguka katikati wakitembeza zulia, sufuria au kanzu huku wakitaja bei.

Nyumba ya Kimzabi haina la kujionyesha kwa nje. Mlango unafuatwa na ukuta mfupi unaozuia macho ya mpita njia, na baada yake kuna sebule ya ndani inayopata mwanga kupitia tundu lililoachwa darini. Kando yake ni tizefri, chumba cha wanawake cha kupokea wageni na kufuma. Juu ni sakafu wazi iliyozungushiwa ukuta, ambako familia hulala usiku wa joto. Kanuni inayoheshimiwa kuliko zote ni kwamba nyumba isimzibie jirani jua wala isichungulie uwanjani kwake. Hata lipu ina utaratibu wake. Fundi huchukua kikonyo cha kichala cha tende kilichokwisha kupukutishwa, akapigapiga nacho chokaa ukutani, na ukuta ukabaki na vinundu vingi vinavyotupa vivuli vidogo na kupunguza makali ya jua. Nyumba ya tajiri na ya maskini hupigwa lipu hiyo hiyo, na anayepita njiani hawezi kujua ipi ni ipi. Wasanifu mashuhuri wa majengo, akiwamo Le Corbusier, walifika bondeni kuitazama kazi hii, nayo inastahili sifa zote ilizopewa. Hata hivyo, uzuri huo ni tunda la maadili: kwa Mmzabi, kutangaza mali mbele ya asiyekuwa nayo ni aibu.

Maadili hayo hayo yanaonekana kwenye maji. Mashamba ya mitende yanategemea visima vilivyochimbwa kwa mikono kwenye mwamba, ambako zamani punda au ngamia alivuta kamba ya ndoo ya ngozi iliyopita kwenye kapi. Visima hujazwa na mafuriko, na mafuriko yanaweza kukosekana mwaka mzima au zaidi. Yakija, huja kwa nguvu ya saa chache. Kwa hiyo kuna mabwawa ya kuyazuia, mifereji ya kuyagawa, na katika ukuta wa kila shamba kuna tundu lililopimwa kulingana na mitende iliyomo. Waangalizi wanaoitwa wadhamini wa mafuriko husimamia mgawo huo, na si halali kwa mtu kupanua tundu lake. Mfumo mzima hutunzwa kwa twiza, kazi ya pamoja isiyo na ujira, kama msaragambo. Tarehe 1 Oktoba 2008 mafuriko yaliyopita kiasi yaliwaua makumi ya watu. Miongoni mwa yaliyobomolewa yalikuwa majengo mapya yaliyosimamishwa kwenye mkondo wa mto, mahali ambapo wazee wasingejenga.

Uongozi wa kale ni wa azzaba, baraza la wanazuoni wa msikiti lililowekewa misingi na Sheikh Abu Abdallah Muhammad ibn Bakr katika karne ya 11, Waibadhi walipokuwa wamebaki bila imamu. Mbele ya baraza hilo ukoo ndio unaomjibia mtu: humsaidia mjane, humlipia mwenye deni, humkanya mkaidi. Anayevunja miiko waziwazi hutengwa. Hakuna anayekula naye wala kumsalimu hadi atubu hadharani, na katika bonde ambalo kila kitu hufanywa kwa pamoja adhabu hiyo ilitosha.

Wanawake wana baraza lao, timsiridin, wanawake waosha maiti. Kwa kuwa hakuna mwanamke anayezikwa bila mikono yao, neno lao lina uzito mkubwa. Husomesha dini, husuluhisha ugomvi wa nyumbani na huchunga gharama za harusi. Mahari huwekewa kikomo, na siku hizi vijana wengi huozwa kwa pamoja katika harusi moja ya ukoo au ya mji, ili asiwepo anayeshindwa kuoa kwa umaskini. Mwanamke aliyeolewa hutoka amejifunika haiki nyeupe ya sufu inayoacha jicho moja tu.

Jangwa halikuwalisha wote, kwa hiyo wanaume walikwenda Algiers, Constantine na Oran kufungua maduka ya vyakula na vitambaa. Wake na watoto walibaki bondeni kwa amri ya mabaraza, na amri hiyo ndiyo iliyoiokoa jamii isimezwe na miji ya pwani. Gharama yake waliibeba wanawake, waliokaa miaka wakingoja waume. Amri hiyo imelegea sasa, na familia nyingi huishi kaskazini pamoja.

Bonde halikujitenga na ulimwengu wa elimu. Sheikh Muhammad Atfayyish wa Beni Isguen, aliyefariki mwaka 1914, aliandika tafsiri kubwa ya Kurani, Himyan al-zad, iliyochapwa Zanzibar katika mtambo ulioanzishwa na Sultan Barghash. Beni Isguen ndiko alikozaliwa pia Moufdi Zakaria, mshairi aliyetunga wimbo wa taifa wa Aljeria.

Miaka ya karibuni haikuwa rahisi. Kati ya mwaka 2013 na 2015 mapigano baina ya Wamzabi na majirani zao Waarabu wafuasi wa Maliki yaliua watu wengi, zaidi ya 20 katika Julai 2015 peke yake, na jeshi likaingia bondeni. Idadi ya watu nayo imezidi uwezo wa vilima vya kale. Juu ya Beni Isguen umejengwa mji mpya, Tafilelt, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa michango ya wakazi, msaada wa serikali na twiza. Nyumba zake zinafuata vipimo vya zamani lakini zina nafasi zaidi, na kila familia inayohamia hupanda miti yake na kuitunza.