Ulimi wa Shokapu na Mkaguzi wa Hataza

Hadithi hii haina sungura wala fisi, wajukuu zangu. Ina shokapu ya pikipiki, na ina mtu anayelipwa mshahara kwa kuuliza maswali.

Barabara ya kutoka Nyakanazi kupita Lusahunga hadi Rusumo mnaifahamu. Malori ya Dar es Salaam yanayokwenda Rwanda na Burundi hupita humo usiku na mchana, na bodaboda hupenya katikati yake. Bodaboda wa Ngara mnamjua pia: abiria wawili, mkungu wa ndizi, wakati mwingine na gunia juu yake, halafu mlima unateremka. Akishashusha mzigo anarudi mtupu. Pikipiki ni ile ile, na shokapu ni zile zile. Kwenda zilitakiwa ziwe ngumu ili zisigote chini, kurudi zilitakiwa ziwe laini ili zisimvunje mgongo. Fundi yeyote wa Biharamulo atakwambia huwezi kupata yote mawili, chagua moja.

Sasa tubuni binti mmoja mwenye gereji ndogo pale Lusahunga. Simpi jina, maana ni wa hadithi tu. Sheria nitakazowaeleza ndizo za kweli.

Binti huyu kafungua shokapu nyingi kuliko alivyofungua madaftari. Anajua kwamba springi peke yake ni mjinga: ikibanwa na shimo, inaruka, ikiruka, inarudi, itacheza hivyo hadi ichoke. Kinachoituliza ni mafuta. Ndani ya silinda kuna pistoni iliyotobolewa matundu, na juu ya matundu hayo zimelazwa washa nyembamba za chuma, moja juu ya nyingine. Hiyo ndiyo valvu. Pistoni ikienda polepole, mafuta hujipenyeza kwenye kijitundu kidogo. Ikisukumwa kwa kasi, mafuta huzikunja zile washa kingoni na kupita kwa nguvu. Kupita huko kwa taabu ndiko kunakoila nguvu ya shimo na kuigeuza joto. Gusa shokapu ya lori lililotoka kwenye barabara mbovu, lakini gusa kwa haraka.

Wazo la binti lilikuwa hivi. Ukutani mwa silinda, nusu ya juu, achonge mfereji mwembamba. Pikipiki ikiwa tupu, pistoni inakaa kwenye mfereji, mafuta yanapita pembeni, safari ni laini. Ikibebeshwa, pistoni inashuka chini ya mfereji, na mafuta yanalazimika kupita kwenye valvu. Halafu akaongeza kitu: washa moja ina ulimi mdogo unaoingia ndani ya mfereji. Pistoni inaposhuka na mfereji kuisha, ukuta unausukuma ulimi ndani, na ulimi unaikaza washa kidogo kidogo, ili ugumu usije kwa kishindo.

Akatamani hataza. Hataza ni haki ya muda ambayo serikali humpa mvumbuzi: hakuna mwingine atakayetengeneza au kuuza uvumbuzi huo bila ruhusa yake. Kama malipo ya haki hiyo, mvumbuzi anaeleza siri yake yote kwa maandishi na michoro, na dunia nzima inaisoma. Venisi ilikuwa na sheria ya namna hiyo tangu 1474. Huku kwetu mkoloni aliweka utaratibu wa ajabu: hataza ilitolewa kwanza London, kisha ikasajiliwa tu Tanganyika. Fundi wa Ngara mwenye wazo angelazimika kumridhisha Mwingereza asiyewahi kuliona vumbi la Biharamulo. Bunge letu lilitunga Sheria ya Hataza mwaka 1987, nayo ikaanza kutumika 1994.

Siku hizi ombi hupelekwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara. Ukitaka kinga katika nchi kadhaa kwa ombi moja, BRELA wanaweza kulipokea na kulipeleka ARIPO, shirika la miliki ubunifu la Afrika lenye makao yake Harare. Shirika hilo lilitokana na mkataba uliotiwa saini Lusaka mwaka 1976, na Tanzania iliingia katika itifaki yake ya hataza mwaka 1999. Huko ndiko aliko yule mtu wa maswali: mkaguzi. Msimdharau. Albert Einstein mwenyewe alifanya kazi hiyo Bern, Uswisi, kuanzia 1902 hadi 1909.

Mkaguzi hapandi pikipiki. Hilo huwashangaza wengi. Haulizi kama shokapu ya binti ni nzuri kuliko ya dukani, wala kama itauzika. Anauliza kama inaweza kutengenezwa na kutumika kiwandani au shambani. Hapo binti anapita bila jasho. Kisha anauliza kama ni mpya, na upya wenyewe si wa Lusahunga tu, ni wa dunia nzima. Swali la mwisho ndilo linaloangusha wengi: je, fundi mzoefu, akiwa na mambo yote yanayojulikana tayari, asingelifikia wazo hilo bila kuumiza kichwa?

Ombi la hataza lina sehemu iitwayo madai, na humo ndimo vita vilipo. Dai ni sentensi moja inayosema haki ya mvumbuzi inaanzia wapi na kuishia wapi. Ni minyaa inayopandwa kuzunguka shamba: ukiipanda mbali mno unaingia kwa jirani, ukiipanda karibu mno unajinyima ardhi yako mwenyewe. Binti wetu, kwa tamaa ya kawaida ya wanadamu, alipanda mbali. Dai lake la kwanza lilisema: shokapu ambayo ugumu wake hubadilika kufuatana na mzigo.

Mkaguzi akaingia kwenye hazina ya nyaraka. Hataza zote duniani zimepangwa kwa alama, na valvu za shokapu za mafuta zina fungu lao: F16F 9/34. Humo akakuta shokapu yenye mfereji ukutani, ya miaka mingi nyuma. Akakuta pia nyaraka tele za washa zinazokunjika. Akaandika barua: dai lako si jipya, na hata ukiunganisha mfereji na washa, fundi mzoefu angeziunganisha mwenyewe.

Wengi hapa hukasirika na kuacha. Binti alisoma nyaraka zile mara mbili, akaona kitu ambacho barua haikukigusa: hakuna hata moja yenye ulimi. Mfereji wa zamani ulibadilisha ugumu kwa ghafla; washa za zamani hazikujua kama pikipiki ina mzigo. Akalifuta dai lile pana, akaandika jembamba: shokapu yenye mfereji ukutani, na washa yenye ulimi unaosukumwa na ukuta mfereji unapoisha, hata washa ikakazwa. Hilo linaweza kusimama. Kwa maoni yangu, barua ya mkaguzi ilimfundisha uvumbuzi wake ulikuwa wapi hasa. Mwanzoni yeye mwenyewe hakujua.

Hataza ya ARIPO hudumu miaka 20 tangu siku ya ombi, mradi ada ya kila mwaka ilipwe, na ina nguvu katika nchi ulizozitaja tu. Simama daraja la Rusumo uone. Rwanda imo ARIPO, kwa hiyo ungeweza kuitaja kwenye ombi. Usipoitaja, mtu wa ng'ambo ya Mto Kagera anaweza kutengeneza ulimi wako na kuuza kwao bila kosa lolote. Zanzibar nayo ina sheria yake na ofisi yake, BPRA.

Miaka ikiisha, wazo ni la wote. Mwanafizikia Mfaransa Christian Bourcier de Carbon aligundua jinsi ya kuweka gesi yenye shinikizo ndani ya shokapu ili mafuta yasitoe povu safari ikiwa ndefu, na mwaka 1957 Bilstein na Mercedes-Benz walizifunga shokapu hizo kwenye magari. Hataza zake zimekwisha kitambo. Mnaruhusiwa kumwiga yule Mfaransa kesho asubuhi.

Kwa hiyo ukipata wazo, usikimbilie kulionyesha gereji nzima wala kulirusha mtandaoni kabla ya kuomba, maana ukilitangaza mwenyewe unaweza kuupoteza upya wake. Anza kwa kusoma. Ofisi ya Hataza ya Ulaya ina hazina ya bure kwenye intaneti iitwayo Espacenet. Ingia, andika F16F 9/34, uone wenzako wamefika wapi, ndipo uchukue penseli.