Kamshafti: Chuma kinachoamua kama gari la mbio litaiweza foleni

NCHINI Marekani kuna aina ya gari ambalo mwenyewe huliendesha kwenda kazini Jumatatu hadi Ijumaa, kisha Jumamosi hulipeleka katika uwanja wa mbio za kunyooka za robo maili, yaani mita 402, na jioni hurejea nalo nyumbani, Mungu akipenda, bila kukokotwa.

Mbio hizo zimekuwa na chombo chake cha usimamizi, NHRA, tangu Wally Parks alipokianzisha mwaka 1951. Madereva wengi wanaoshiriki si matajiri. Ni watu wenye gari moja, karakana nyuma ya nyumba na fedha za kununua vipuri mara moja tu. Kwao injini lazima itumikie mabwana wawili, na hakuna kipuri kinachodhihirisha ugumu wa utumishi huo kama kamshafti.

Kamshafti ni mhimili wa chuma wenye nundu zilizopangwa kwa urefu wake. Huzungushwa na krankshafti kwa mnyororo, mkanda au gia, nayo huzunguka mara moja kila krankshafti inapozunguka mara mbili. Katika injini za kale za V8, nundu huinua tapeti, tapeti husukuma fimbo, fimbo husukuma roka, na roka hufungua valvu. Nundu ikishapita, springi huirudisha valvu mahali pake. Umbo la nundu, basi, ndilo linaloamua injini ivute pumzi lini, kwa muda gani, na mlango ufunguke kwa upana gani.

Injini inayofaa kuelezea jambo hili ni V8 ndogo ya Chevrolet, iliyotoka mwaka 1955 ikiwa na ujazo wa inchi 265 za mraba tatu. Ile ya inchi 350, sawa na lita 5.7, ilianza kuonekana katika gari aina ya Camaro la mwaka 1967. Mwaka 2011 General Motors ilitangaza kuwa imetengeneza injini ya milioni 100 ya ukoo huo. Kwa wingi huo, vipuri vyake ni rahisi kupatikana, na uchaguzi wa kamshafti zake ni mkubwa kiasi cha kumchanganya mnunuzi.

Vipimo vya kwanza ambavyo mnunuzi hukutana navyo ni viwili: kimo cha kuinuliwa kwa valvu, na muda ambao valvu huwa wazi. Kimo ni hesabu nyepesi. Nundu yenye kimo cha inchi 0.320, ikitumia roka za kawaida za Chevrolet zenye uwiano wa 1.5, huinua valvu inchi 0.480, yaani milimita 12.2. Roka zikibadilishwa zikawekwa za 1.6, nundu ile ile huinua valvu inchi 0.512.

Muda ndio wenye mitego. Hupimwa kwa nyuzi za mzunguko wa krankshafti, na kila mtengenezaji ana mahali pake pa kuanzia kuhesabu. Mmoja huanza tapeti inapoinuka kidogo mno, mwingine huchelewa, na hivyo kamshafti mbili zilizoandikwa nyuzi 280 zaweza kuwa na tabia tofauti kabisa. Kwa sababu hiyo mafundi hulinganisha nyuzi zilizopimwa tangu tapeti inapoinuka inchi 0.050 hadi inaposhuka kufikia kimo hicho hicho. Mnunuzi asiyeulizia kipimo hicho anafananisha embe na nanasi.

Kwa injini ya inchi 350, nyuzi zisizozidi 210 hivi katika kipimo hicho hulifanya gari liwe tulivu, karibu na lilivyotoka kiwandani. Kati ya 215 na 225 gari hupata ukali bila kusumbua sana katika safari za kila siku. Zikifika 230 hadi 240, mabwana wawili huanza kugombana, na kuanzia hapo gari huwa la uwanjani linaloazima barabara. Hata hivyo, ujazo wa injini hubadili hesabu hiyo. Kamshafti inayoitikisa injini ya inchi 350 huonekana ya upole katika injini ya inchi 400.

Kwa nini muda mrefu utese injini katika mwendo mdogo na uifae katika mwendo mkubwa? Jibu lipo katika uzito wa hewa. Pistoni inapofika chini na kuanza kupanda, valvu ya kuingiza huwa bado wazi. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, mchanganyiko wa hewa na petroli huwa katika kasi kubwa, na kasi hiyo huendelea kuusukuma ndani ya silinda ingawa pistoni imekwisha kugeuka. Injini ikizunguka mara 1,500 hakuna kasi ya kutosha. Pistoni huurudisha mchanganyiko ulikotoka, na silinda hufunga mlango ikiwa na njaa.

Hapo ndipo uwiano wa mgandamizo unapoingia. Mwaka 1971 General Motors ilishusha migandamizo ya injini zake ili ziweze kutumia petroli yenye risasi kidogo, na injini nyingi za inchi 350 zilizofuata zilikuwa na uwiano wa takriban 8.5 kwa 1. Kuweka kamshafti ya muda mrefu katika injini kama hiyo ni kumnyima chakula mgonjwa. Valvu huchelewa kufunga, mgandamizo wa kweli hushuka zaidi, na gari hupoteza nguvu mahali lilipotumia nguvu kila siku. Anayetaka nyuzi 230 na kuendelea hana budi kupandisha uwiano hadi karibu na 10 kwa 1, na kukubali gharama ya petroli bora.

Kuna pia pembe iliyo kati ya kilele cha nundu ya kuingiza na kile cha nundu ya kutoa. Pembe ikiwa finyu, tuseme nyuzi 106, valvu zote mbili hukaa wazi kwa pamoja kwa muda mrefu zaidi. Ikiwa pana, nyuzi 112 au 114, muda huo hupungua. Wakati valvu zote mbili ziko wazi na injini inazunguka polepole, moshi hurudi nyuma na kuuchafua mchanganyiko mpya. Matokeo yake ni ule mngurumo wa kuyumbayumba ambao wapenzi wa mbio huusikia kama muziki.

Wapo wanaonunua mngurumo huo tu. Ni haki yao, lakini mara nyingi hushindwa na jirani mwenye kamshafti ndogo iliyolingana na vifaa vingine vya gari lake. Aidha, mngurumo una gharama isiyosikika. Breki za gari lenye busta hutegemea ombwe la injini. Injini tulivu huvuta inchi 18 hadi 20 za zebaki. Kamshafti kubwa inaweza kulishusha ombwe hilo hadi inchi 10 au chini yake, ilhali busta huhitaji takriban inchi 15 ili kufanya kazi ipasavyo. Dereva hugundua hilo kwenye taa za barabarani, anapokanyaga breki na kukuta imekuwa ngumu kama jiwe. Pampu ya umeme ya kuvuta ombwe huondoa tatizo, mradi ikumbukwe katika bajeti kabla ya siku hiyo.

Gia nazo lazima ziulizwe. Gari lenye matairi ya kipenyo cha inchi 26 na gia ya nyuma ya 3.08, likienda kilomita 97 kwa saa bila gia ya ziada, huzungusha injini takriban mara 2,390 kwa dakika. Likiwekwa gia ya 4.10, injini huzunguka karibu mara 3,180 kwa mwendo ule ule. Kamshafti inayoamka kwenye 3,000 hufurahia gia ya pili na kuzubaa kwenye ya kwanza. Dereva anayesafiri masafa marefu kila wiki ataichoka 4.10 kwa kelele na kwa petroli, na afadhali achague kamshafti ndogo tangu mwanzo. Kwa gari la otomatiki kuna torki konveta pia: ya kiwandani hushika mapema mno, na gari lenye kamshafti kubwa huondoka mstarini kwa unyonge.

Watengenezaji wa magari ya kisasa waliukwepa mgogoro huu kwa kuifanya kamshafti ibadilike. Mwaka 1989 Honda ilianza kuuza mfumo wa VTEC, wenye nundu za upole kwa mwendo mdogo na nundu nyingine kali kwa mwendo mkubwa. Maandishi ya VVT-i juu ya injini nyingi za Toyota zinazopita mitaa ya Dar es Salaam na Nairobi yanaeleza jitihada ya ukoo huo huo, ingawa hapo kinachobadilishwa ni wakati wa kufungua valvu. Mwenye V8 ya zamani hana anasa hiyo. Chuma alichokiweka ndicho atakachokaa nacho.

Akishachagua, bado kuna vipimo vya kuepusha maafa. Valvu inayoinuliwa zaidi inaweza kugonga pistoni, na fundi makini hubandika plastisini juu ya pistoni, huzungusha injini kwa mkono, kisha hupima unene uliobaki. Nafasi inayokubalika na wengi ni inchi 0.080 upande wa kuingiza na 0.100 upande wa kutoa. Springi nazo hubadilishwa pamoja na kamshafti, kwa kuwa za zamani huweza kubanana kabisa kabla valvu haijafika kileleni.

Tapeti zenyewe ni za aina mbili. Zile bapa huburuta juu ya nundu, na za rola hubingirika. Chevrolet ilianza kuweka za rola katika injini za inchi 350 za magari yake madogo mwaka 1987. Bapa ni rahisi kwa bei, lakini huhitaji mafuta yenye zinki na fosforasi ya kutosha, na viwango vya mafuta vya mwaka 2004 vilishusha fosforasi hadi asilimia 0.08 katika mafuta mengi ya magari madogo. Nundu nyingi mpya zimelika tangu hapo.

Ndiyo maana injini yenye tapeti bapa hupakwa grisi maalumu kwenye nundu, hujazwa mafuta ya kuzoesha, na kabureta yake hujazwa petroli kabla ya kuwashwa ili iwake mara moja. Ikishawaka haiachwi ingurume polepole. Hupandishwa papo hapo hadi mizunguko 2,000 au 2,500 kwa dakika na kushikiliwa hapo kwa dakika 20 hadi 30, mtu mmoja akiangalia joto la maji na mwingine presha ya mafuta.